Mstari wa logi ya Icecast huandikwa msikilizaji anapoondoka: skripti ya kuhesabu wasikilizaji ipangwe vipi

Swali: Mimi ni fundi mitambo wa redio ya jamii mkoani Tanga. Tunarusha matangazo kwenye intaneti kwa Icecast, programu ya seva ya kurusha sauti, mkondo mmoja wa MP3 wa kilobiti 64 kwa sekunde, na seva ya kukodi iko Ujerumani. Niliandika skripti fupi inayofuatilia access.log, faili ambamo seva huandika maombi ya wateja, na kuhesabu mistari ya /redio.mp3 kila baada ya dakika tano, nikiamini inanipa idadi ya wanaosikiliza wakati huo. Jumapili tulitangaza mechi ya ligi ya mkoa kuanzia saa kumi jioni. Mpira ukiwa unachezwa, skripti ilionyesha watu watano, saba, tisa. Kipenga cha mwisho kilipolia, ikapanda ghafla kupita mia. Sasa meneja anasema wasikilizaji wetu wanafuata muziki wa baada ya mechi, na anataka kupunguza matangazo ya mpira. Skripti yangu ina tatizo gani, na sahihi inapangwaje?

Jibu: Fundi, kwanza mwombe meneja asubiri, maana takwimu ulizompelekea zinasema kinyume kabisa cha anavyozielewa. Wengi wa watu hao zaidi ya mia walikuwa pamoja nanyi mechi ikichezwa. Mlichokiona saa kumi na mbili kasoro ni watu hao kufunga simu zao na kuondoka.

Icecast haiandiki chochote kwenye access.log msikilizaji anapoingia. Humwandikia mstari mmoja tu, pale muunganisho wake unapokatika, na muda ulio kwenye mabano ni muda wa kuondoka. Ndiyo maana mechi nzuri huonekana kama kimya kirefu: hakuna aliyetoka, basi hakuna kilichoandikwa. Tazama mstari huu mmoja kwa makini:

```
203.0.113.41 - - [16/Mar/2025:14:52:08 +0000] "GET /redio.mp3 HTTP/1.1" 200 55746120 "-" "VLC/3.0.18 LibVLC/3.0.18" 6960
```

Namba ya mwisho kabisa, 6960, ni sekunde alizokaa. Logi za kawaida za tovuti hazina safu hiyo. Icecast imeiongeza mwishoni, na ndiyo yenye thamani kuliko nyingine zote katika mstari. Seva yako inaandika kwa saa za UTC, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, kwa hiyo 14:52 ni 17:52 ya kwetu, saa kumi na moja na dakika 52 jioni. Rudi nyuma sekunde 6960, yaani saa moja na dakika 56, unafika saa kumi kasoro dakika nne. Mtu huyu alifungua redio dakika nne kabla ya mpira kuanza, akakaa nao mpaka mwisho, akatoka. Skripti yako ilimhesabu kama msikilizaji wa saa kumi na mbili kasoro, wakati ndipo alipokuwa anaondoka.

Kwa hiyo gawa kazi mara mbili. "Wako wangapi sasa hivi?" ni swali la kuiuliza Icecast yenyewe. "Walikuwa wangapi wakati wa kipindi fulani, na walikaa kwa muda gani?" hilo ndilo la logi, na hujibiwa baadaye, watu wakishaondoka. Skripti moja ikijaribu kuyajibu yote mawili kutoka kwenye faili la logi, itakupa namba za uongo kila siku yenye kipindi kizuri.

Wasikilizaji wa sasa hivi

Icecast kuanzia toleo la 2.4 ina ukurasa wa /status-json.xsl unaotoa hali ya mikondo yote kwa muundo wa JSON, bila nenosiri. Uulize kila baada ya sekunde 60, uandike muda na idadi kwenye faili au kwenye hifadhidata ndogo ya SQLite. Kuuliza mara nyingi zaidi hakukuongezei maarifa. Kunajaza logi tu, maana maombi hayo nayo huandikwa kwenye access.log ileile.

```python
import json, urllib.request

MKONDO = "/redio.mp3"

def wapo_sasa():
    anwani = "http://127.0.0.1:8000/status-json.xsl"
    with urllib.request.urlopen(anwani, timeout=5) as jibu:
        mikondo = json.load(jibu)["icestats"].get("source", [])
    if isinstance(mikondo, dict):
        mikondo = [mikondo]
    for m in mikondo:
        if m["listenurl"].endswith(MKONDO):
            return m["listeners"]
    return None
```

Mistari miwili ya isinstance ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Mkondo ukiwa mmoja, Icecast inautoa ukiwa peke yake. Ikiwa miwili au zaidi, inaitoa kama orodha. Skripti nyingi hufanya kazi vizuri mwaka mzima, kisha hufa siku ile redio inapoongeza mkondo wa pili. Angalia pia None ya mwishoni. Enkoda ya studio, yaani programu inayopeleka sauti kwenye Icecast, ikikatika, mkondo unatoweka kabisa kwenye JSON. Usiandike sifuri hapo. Sifuri maana yake mlikuwa hewani na hakuna aliyesikiliza. None maana yake hamkuwa hewani. Meneja akiulizia Jumanne usiku umeme ulipokatika, unataka kumwonyesha pengo, asije akadhani watu waliikimbia redio.

Ukihitaji kujua pia kila mmoja yuko kwa muda gani na anatumia programu gani, ipo /admin/listclients?mount=/redio.mp3, ambayo huomba jina na nenosiri la msimamizi. Skripti inayoitumia ikae kwenye seva ileile, na nenosiri liwekwe kwenye faili linalosomwa na mtumiaji mmoja tu.

Ripoti ya kipindi kutoka kwenye logi

Hapa kila mstari unageuzwa kuwa kipande cha muda chenye mwanzo na mwisho, kisha unauliza kipande hicho kimeingiliana na kipindi chako kwa kiasi gani. Skripti hii inatosha kwa kuanzia:

```python
import re, sys
from datetime import datetime, timedelta, timezone

EAT = timezone(timedelta(hours=3))
MKONDO = "/redio.mp3"
MUUNDO = re.compile(
    r'^(\S+) \S+ \S+ \[([^\]]+)\] "(\S+) (\S+)[^"]*" '
    r'(\d+) (\d+) "[^"]*" "([^"]*)" (\d+)\s*$')

A = datetime.fromisoformat("2025-03-16T16:00:00+03:00")
B = datetime.fromisoformat("2025-03-16T18:00:00+03:00")

haisomeki = 0
jumla = timedelta()
matukio = []

for mstari in sys.stdin:
    m = MUUNDO.match(mstari)
    if not m:
        haisomeki += 1
        continue
    ip, muda, amri, njia, hali, baiti, programu, sek = m.groups()
    if amri != "GET" or hali != "200":
        continue
    if njia.split("?")[0] != MKONDO or int(sek) < 60:
        continue
    mwisho = datetime.strptime(muda, "%d/%b/%Y:%H:%M:%S %z").astimezone(EAT)
    mwanzo = mwisho - timedelta(seconds=int(sek))
    a, b = max(mwanzo, A), min(mwisho, B)
    if a < b:
        jumla += b - a
        matukio += [(a, 1), (b, -1)]

wapo = kilele = 0
lini = None
for wakati, badiliko in sorted(matukio):
    wapo += badiliko
    if wapo > kilele:
        kilele, lini = wapo, wakati

print("Saa za usikilizaji:", round(jumla / timedelta(hours=1), 1))
print("Wastani kwa wakati mmoja:", round(jumla / (B - A), 1))
print("Kilele:", kilele, lini)
print("Mistari isiyosomeka:", haisomeki)
```

Iendeshe hivi:

```
zcat -f /var/log/icecast2/access.log* | python3 ripoti.py
```

Amri ya zcat yenye -f husoma mafaili yaliyobanwa na yasiyobanwa kwa pamoja, na unayahitaji yote. Faili la logi hukatwa kwa saa ya seva. Seva ikiwa kwenye UTC, usiku wake wa manane ni saa tisa usiku ya kwetu, kwa hiyo faili moja kamwe halitalingana na siku moja ya Tanga. Zaidi ya hapo, dukani kwa mtu redio inaweza kuwashwa Ijumaa na kuzimwa Jumatatu. Saa zake zote za siku tatu zitaandikwa kwenye mstari mmoja wa Jumatatu. Skripti ikikata vipande kwa A na B kama hapo juu, kila siku inapata haki yake, ilimradi ripoti ya Ijumaa uiendeshe tena siku chache baadaye. Ile ya asubuhi yake ichukulie kuwa ya awali.

Kipimo cha amri ya GET usikiondoe. Enkoda ya studio nayo huandikwa kwenye access.log inapokatika, kwa amri ya SOURCE au PUT, ikiwa na sekunde za siku nzima pengine. Bila kichujio hicho, kompyuta yenu wenyewe inakuwa msikilizaji mwaminifu kuliko wote. Ulinganisho kamili wa njia nao unaacha nje maombi ya status-json.xsl na yale ya kubadilisha jina la wimbo, ambayo yana /redio.mp3 ndani yake baada ya alama ya kuuliza. Hayo ya jina la wimbo skripti yako ilikuwa inayahesabu.

Kikomo cha sekunde 60 kinaondoa waliobonyeza na kuondoka, pamoja na roboti zinazopima kama mkondo uko hai. Unaweza kukibadilisha, lakini ukishachagua, kiache hapo hapo mwezi hadi mwezi, la sivyo ripoti hazilinganishiki.

Ukiwapelekea watangazaji ripoti, geuza saa ziwe za kwetu. Hesabu ni fupi: `(saa - 6) % 12 or 12`, ambapo saa ni ile ya mfumo wa 24. Saa 17 inatoka 11, saa 18 inatoka 12. Ongeza neno asubuhi, mchana, jioni au usiku, na mtangazaji atasoma jedwali bila kukuita.

Namba ipi umpe meneja

Mpe wastani kwa wakati mmoja, na saa za usikilizaji. Kipindi cha saa mbili kikikusanya saa 230 za usikilizaji, maana yake kwa wastani watu 115 walikuwa wanasikiliza muda wowote ule. Hiyo ni namba ambayo hata mtu wa matangazo ya biashara anaweza kuitegemea.

Usimpe idadi ya anwani za IP kwa jina la "wasikilizaji". Mitandao ya simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya umma, kwa hiyo watu kumi wa mtandao mmoja pale Tanga mjini wanaweza kuonekana ni mmoja. Na mtu mmoja aliye kwenye basi la Tanga kwenda Dar es Salaam anaweza kukatika na kuunganishwa upya kwa anwani tofauti njia nzima, akaonekana ni kumi. Makosa hayo mawili hayafutani, na huwezi kujua lipi limezidi. Saa za usikilizaji haziyumbi kwa sababu hizo: watu kumi nyuma ya anwani moja bado wana mistari kumi, na abiria wa basi bado ana jumla yake ileile, ukitoa vipande vifupi vilivyochujwa.

Mtandao mbovu unavyoonekana

Sehemu hii hukuuliza, Fundi, lakini kwa redio ya jamii naiona ina faida kuliko zote, na data yake unayo tayari.

Mkondo wa kilobiti 64 ni baiti 8,000 kwa sekunde. Rudi kwenye mstari wa kwanza: 6960 mara 8,000 ni 55,680,000, na kilichozidi ni hasa kile kifungu cha mwanzo ambacho Icecast humpa kila anayeingia ili sauti ianze haraka. Kwa kawaida kifungu hicho ni kama baiti 65,000, sawa na sekunde nane za sauti. Yule bwana aliyetumia programu ya VLC alipata kila kitu. Sasa tazama huu:

```
198.51.100.23 - - [16/Mar/2025:13:31:40 +0000] "GET /redio.mp3 HTTP/1.1" 200 1376200 "-" "Mozilla/5.0 (Linux, Android 10)" 229
```

Gawa baiti kwa sekunde: karibu 6,000. Simu hii ilikuwa inapokea robo tatu tu ya kinachorushwa. Icecast humvumilia msikilizaji aliyebaki nyuma mpaka pengo lake lifikie ukubwa wa foleni, ambao kwa usanidi wa kawaida, kwenye queue-size, ni baiti 524,288. Huyu alianza akiwa nyuma kwa baiti 65,000 hivi, akawa anaachwa 2,000 kila sekunde, na baada ya dakika karibu nne pengo likajaa. Icecast ikamkata. Kwenye error.log, ukiweka loglevel kuwa 3, utakuta mstari unaosema mteja "has fallen too far behind, removing" kwa dakika hiyohiyo.

Kisha simu inaunganisha upya, na mambo yanajirudia. Anayesikiliza anapata mpira kwa vipande, sauti ikikwama mara kwa mara, na ndiye mtu ambaye bando lake linakwisha bila faida. Chuja mistari yenye baiti kwa sekunde chini ya 7,000 na muda kati ya dakika moja na kumi, uipange kwa saa. Kwenye mistari ya saa nyingi usitumie uwiano huu, kwani pengo haliwezi kuzidi foleni, na likigawanywa kwa saa nyingi halionekani. Waliokatwa wakiwa wengi, dawa haimo ndani ya skripti: ongeza mkondo wa pili mwepesi, kilobiti 24 au 32 kwa AAC+ au Opus, uuweke wazi kwenye ukurasa wenu kwa jina la "mtandao dhaifu". Usikimbilie kuongeza queue-size. Kwa simu isiyofikia kasi ya mkondo, foleni kubwa inachelewesha kukatwa tu, na sauti inakwama vilevile.

Mambo ya kuendesha skripti bila kuikalia macho

Ukitaka bado kufuatilia logi papo hapo, kwa mfano kuona wanaokatwa, tumia `tail -F` yenye herufi kubwa. Ile ndogo hubaki imeshikilia faili la zamani logi inapozungushwa, na skripti inakaa kimya huku unadhani redio haina watu. Ukipitisha kwenye grep, amri ya kuchuja mistari, ongeza `--line-buffered`. Bila hiyo grep hukusanya kilobaiti kadhaa kabla ya kutoa chochote, na kwa redio ndogo hiyo ni mistari 20 au zaidi ya kusubiri.

Kwenye Debian, logi za Icecast ni za kikundi cha icecast. Mwingize mtumiaji wa skripti kwenye kikundi hicho, usiiendeshe kwa root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Iweke chini ya systemd, msimamizi wa huduma wa Linux, na Restart=always, na ile ya kuuliza JSON ifunge kwenye try ili hitilafu ya dakika moja isiiue.

Kama kuna Nginx, seva ya tovuti inayopokea maombi, mbele ya Icecast, anwani zote zitasomeka 127.0.0.1. Hapo tumia logi ya Nginx, lakini ongeza $request_time kwenye muundo wake, kwani kwa kawaida haimo, na ubadilishe usemi wa MUUNDO upokee desimali. Nginx nayo huandika ombi linapokamilika, hivyo hesabu ya kurudi nyuma ni ileile.

Siku mkihamia HLS, njia ya kurusha sauti kwa mafaili mafupi yanayofuatana, skripti hii haitafaa. Huko msikilizaji hana muunganisho mmoja. Anaomba kipande baada ya kipande. Vipande vya sekunde sita ni maombi 600 kwa saa kwa mtu mmoja, mbali na orodha ya m3u8. Itabidi uyafunge pamoja kwa kitambulisho unachokiweka mwenyewe kwenye anwani ya mkondo, na hilo ni swali lake peke yake.

Anwani za IP ni taarifa za watu, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ripoti ya wastani na kilele haihitaji anwani hata moja. Hifadhi matokeo, na mafaili ghafi yafute baada ya muda mliokubaliana ofisini. Katika nakala yoyote inayotoka nje ya seva, futa namba ya mwisho ya kila anwani.

Kabla ya kumpelekea meneja chochote, jaribu hivi leo jioni. Fungua mkondo kwa VLC, hakikisha status-json.xsl imeongezeka moja, na kwamba access.log haina mstari wako. Subiri dakika tatu, funga VLC. Mstari utaandikwa hapo hapo, mwisho wake ukiwa na namba ya karibu 180. Mwite meneja akae kando yako wakati unafunga, aone kwa macho yake mstari unaandikwa saa ngapi, kisha endesha ripoti.py kwa Jumapili ile, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili.